Siku Dada wa Dawati Alipoomba Kipaza Sauti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mkurugenzi Mtendaji na wajumbe wa bodi. Viongozi wa chama cha wafanyakazi. Wanahisa wenzangu, wenye hisa nyingi mliokaa mbele na sisi wa hisa chache tuliokaa karibu na chupa za chai. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe, shemeji, uliyependeza kwa suti mpya hapo meza ya mbele, ambaye wakati kama huu mwaka jana ulikuwa nchi ya watu, pasipoti yako imefungiwa kwenye kabati la serikali: habari za mchana huu.

Nimeombwa niseme maneno machache kwa niaba ya wanahisa wadogo, kumuaga mtumishi wetu wa dawati la wanahisa anayestaafu leo. Aliyeniomba alilirudia hilo neno "machache" mara mbili, maana ananifahamu. Kwa wasionifahamu, mimi nilikuwa refa wa mpira. Nimetukanwa na viwanja vizima, mvua na jua, kisha nikarudi nyumbani nikala nikalala. Kwa hiyo mkinisikia namsifu mtu kwa kuvumilia kelele za watu, mjue nasema kwa uzoefu.

Nani humu ndani hajawahi kumpigia simu Dada wa Dawati? Anyooshe mkono tumwone. Hakuna. Basi mnakumbuka wenyewe. Tangu siku tuliposoma gazetini kwamba serikali ya nchi jirani imezifunga akaunti za kiwanda chetu cha saruji cha huko, ikidai tumekwepa kodi, na gawio letu likasimama, simu ile haikupumzika. Naye alikuwa amepewa jibu moja tu la kutujibu: "Shauri linaendelea, likiwepo jipya mtatangaziwa." Alimjibu hivyo daktari, akamjibu hivyo mama wa mgahawa, akamjibu hivyo na yule bwana aliyepiga akilia. Alichoongeza yeye ni "mama yangu", "mzee wangu", "mwanangu", kila mtu na chake.

Sasa kwa kuwa jibu lilikuwa halibadiliki, sisi tukaanza kuisikiliza sauti. Hapa sina budi kumtaja mwenzetu Mzee Gawio, yule pale, msijifanye hamumwoni. Mzee Gawio akishapiga simu yake ya asubuhi alikuwa anakuja kwa kinyozi, ndiko tunakokutana, anavua kofia na kutoa taarifa: "Leo amekohoa kabla ya kujibu. Kesi tumeshindwa." Kesho yake: "Leo kacheka kidogo. Wamepatana, mtu asiuze!" Kuna watu wazima humu ndani, na heshima zao, waliuza hisa kwa sababu ya kikohozi.

Ndugu zangu, sauti tuliisikia sawasawa, ila tulidhani inatuzungumzia sisi. Shemeji, mume wa Dada, ndiye aliyekuwa mhasibu mkuu wa kiwanda kile. Shauri lilipofunguliwa, alizuiwa kutoka nchini humo mpaka liishe. Hakuwekwa ndani, hapana. Alikuwa akiripoti kwenye ofisi ya kodi, anarudi kwenye chumba cha kupanga, anajifulia, anajipikia, anaitazama simu. Katika taarifa tulizoletewa sisi aliandikwa hivi: "Baadhi ya watumishi wanaendelea kutoa ushirikiano." Nani aliyeisoma sentensi hiyo akauliza ni watumishi gani? Wanasheria waliziomba familia zikae kimya, zisije zikaharibu mambo, na Dada akakaa kimya. Siku alipokohoa na sauti yake ikawa nzito, shemeji alikuwa na homa na hakuna wa kumchemshia maji. Siku alipocheka kidogo, walikuwa wameongea vizuri jana yake.

Ndipo ukaja mkutano mkuu, katika ukumbi huu huu. Tuliulizwa jambo moja: tukubali mapatano, tulipe sehemu ya kodi ile na kukaa miaka bila gawio, au twende kwa wasuluhishi wa kimataifa, ambako wakili wetu alisema tungeshinda, ingawa ni safari ndefu? Na tuambizane ukweli, serikali ile haikuwa na wazimu. Wakili mwenyewe alikiri kwamba sehemu ya kodi ile ilikuwa halali yao. Lakini ukumbi ulishachemka. "Twende mpaka mwisho!" "Wasituchezee!" Mzee Gawio akapanda juu ya kiti. Na kila aliyetaka kusema, nani alimpelekea kipaza sauti? Huyu huyu. Alipita katikati ya viti akiuburura ule waya, akimpa huyu, akimsubiri amalize, akimpa yule, na mmoja baada ya mwingine alikipokea kutoka mkononi mwake ili aseme, "Tunaweza kusubiri. Sisi hatuna haraka."

Mimi, kwa urefa wangu, ndiye niliyepewa kazi ya kuongoza maswali siku ile. Nikamwona amesimama katikati ya njia. Akamkabidhi dereva wa kampuni kipaza sauti, akatembea hadi safu ya nyuma kabisa, akaketi kwenye kiti cha mwanahisa, akanyoosha mkono. Mtakumbuka kwamba kila mfanyakazi alipewa hisa moja kampuni ilipoingia sokoni. Wengi waliuza ya kwao wiki ile ile. Yeye bado alikuwa nayo. Mkubwa mmoja akaninong'oneza, "Huyo ni mtumishi, mruke." Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi naona mkono." Na hakuomba apendelewe. Walikuwepo watu mbele yake, akawasubiri wote waseme, mkono juu, mpaka zamu ikamfikia.

Alisema hivi: "Mimi nina hisa moja. Mhasibu wa kiwanda cha kule, aliyezuiwa mpaka shauri liishe, ni mume wangu. Siwaambii mpige kura vipi, mali ni yenu. Naomba tu, mnaposema tunaweza kusubiri, mjue anayesubiri ni nani." Akakaa.

Kisha Mzee Gawio, bado yuko juu ya kiti chake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Sasa binti yangu, siku zote hizo tunaongea, mbona hukuniambia?"

Naye akamjibu bila hasira yoyote, "Hukuniuliza, mzee wangu. Uliuliza gawio."

Mapatano yalipita. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Mzee Gawio, na baadaye ilibidi tumsaidie kushuka. Kodi ikalipwa, shauri likafutwa, pasipoti ikatoka kabatini. Gawio halijarudi bado; Mkurugenzi, usitabasamu, tutakuja kuliulizia. Lakini siku ile uwanja wa ndege, nilipomwona shemeji anatoka na begi moja, amekonda, anautafuta uso wa mke wake katikati ya kundi la wanahisa asiowajua hata mmoja, gawio nililisahau kabisa. Mzee Gawio alimkumbatia kabla ya mwenye mume, tukamvuta koti. Shemeji, pole kwa yaliyokupata, na pole kwa kurudi ukakuta una mashemeji kila mtaa. Hapo hatuna namna ya kukusaidia.

Dada, wenzangu wamekununulia zawadi, utaiona. Mimi kama refa nina kosa moja tu la kupulizia filimbi. Miaka yote ya kazi yako ulitupelekea sisi kipaza sauti, na siku moja ulipokihitaji ilibidi ukae nyuma, unyooshe mkono, ungoje zamu. Leo usinyooshe mkono. Hata kusimama usisimame. Waya wa hiki nimeujaribu kabla hamjaingia, unafika mpaka mezani kwako.

Ndugu zangu wote, mmenipa masikio yenu na nawashukuru. Yaliyobaki mpeni yeye. Dada, naja hapo ulipo. Leo hatuulizi hisa wala gawio. Habari zako wewe?