Mama Chujio na Chumba Kilichokataa Kupoa

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake marehemu wa kumfuata, naomba mnivumilie nikikwama, na niombe radhi mapema, kwani yamo humu mambo ambayo watu huyamezea msibani, lakini mume wake ametaka yasomwe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1980 hadi 1986, kisha sekondari ya wasichana hadi 1990, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa ubishi, na wote walisema kweli.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kwenye duka la vipuri vya majokofu na viyoyozi, akasimama kaunta miaka thelathini na mmoja, na hapo ndipo alipomwona fundi mmoja kijana aliyenunua kapasita, kile kifaa cha kuamshia mota, ya aina ileile mara tatu katika wiki moja, akamwambia bila kupepesa macho kwamba ama hajui kazi ama ana lake jambo. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu wa chekechea na kijana ambaye ni dereva wa lori, na shemeji yetu huyo hatujawahi kumwita vingine ila Fundi.

Tarehe 9 Aprili 2004 walifunga kiyoyozi chumbani kwao, cha mtumba, Fundi mwenyewe akakipa miaka mitano, nacho kimemaliza kumi na tisa, na siri haikuwa kwa Fundi, maana mganga hajigangi, yeye alishinda juu ya ngazi za watu. Ni dada ambaye kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, alivua chujio, akaliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akalianika kivulini kwa kuwa jua hulipinda, akafagia majani kwenye mashine ya nje, akapuliza bomba la kutolea maji lisizibe, na ole wake atakayeshusha rimoti chini ya ishirini na nne. Akija kukusalimia, kabla hajaketi alikuuliza chujio umeliosha lini, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Chujio, naye alilipokea jina hilo kama cheo.

Mwanzoni mwa Aprili 2023 dada alianza kulalamika kwamba chumba hakipoi. Fundi, ambaye amelisikia neno hilo kwa wateja maisha yake yote, alilisikia kama fundi, akatoa kipima joto chake cha kazini, akakiweka kwenye mdomo wa kiyoyozi, kikasoma nyuzi kumi na tatu, kumaanisha mashine ni nzima, lakini mke alizidi kusema joto, basi akaifungua, akaosha koili, yale mabomba ya kupoozea hewa, akafunga. Wiki iliyofuata akapima tena, akaongeza gesi. Tarehe 28 Aprili akapima mara ya tatu, akabadilisha kapasita, huku dada akimshikia ngazi, nguo imemlowa jasho mgongoni, wakitaniana kwamba kizee hiki sasa kimeanza kudeka. Mara tatu kipima joto kiliwekwa kwenye mashine, na hata mara moja mkono haukuwekwa kwenye paji la uso wa aliyelalamika.

Tarehe 6 Mei binti yao alikuja kuwatembelea, akampa mama mkono, akashtuka, wakaondoka hapohapo kwenda hospitali, ambako ilionekana ana jipu kwenye figo na sumu yake imeshaingia kwenye damu. Daktari, alipoulizwa, alisema mwezi mmoja nyuma dawa za kawaida zingetosha, na laiti asingeulizwa. Tarehe 18 Mei dada alimwambia mumewe kwamba sasa kumepoa, Fundi akatoka barazani akitupigia simu kwa furaha, na kesho yake, Ijumaa tarehe 19, saa kumi na moja jioni, dada akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao hawakumficha mtu, majirani waliopika na kufua nyumbani kwetu bila kutumwa, wenzake wa dukani waliofunga kaunta wiki nzima, na mafundi ambao juzi walimkuta shemeji juu ya ngazi amekifungua tena kile kiyoyozi, wakamshusha taratibu na kumnyang'anya bisibisi.

Fundi alituomba tuandike humu kwamba aliyemuua mkewe ni yeye. Tumekataa kuandika, lakini tumekaa naye siku tatu na msamaha anaoutafuta hatuwezi kuutoa sisi, kwa sababu aliyejua kumsamehe Fundi alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye huyu tunayemzika.

Dada, pumzika wewe kwa amani. Sisi huku hatunayo.