Nati za Njano: Tunamuaga Mzee Tusikie

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika karakana yetu, fundi mkuu wa injini, tunayemwita Mzee Tusikie, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Gari likiingia na dereva akaanza kulalamika, yeye huinua mkono na kusema tusikie kwanza. Dereva hunyamaza, injini ndiyo inaongea. Siku moja mkewe alikuja getini na malalamiko yake, Mzee akamwinulia mkono vilevile. Tulisikia alikula chakula baridi wiki nzima.

Alianza kwa kuosha vyuma, akapanda hadi hapo alipo. Ndiye aliyetuletea mtindo wa rangi: kila fundi ana rangi yake, na akikaza nati anaidondoshea tone ili ijulikane nani alipita hapo. Yake ni njano. Basi humu ndani njano ikawa kama muhuri. Ukiiona unapita mbali, maana hapo kazi imekwisha.

Ndiyo maana lori la mikate lilitushinda. Ni lile kuukuu la petroli, la kabureta, ambalo lilikuwa linabeba mikate wengine wetu tukiwa hatujazaliwa. Likitembea halina neno. Likisimama tu, injini ikabaki kwenye ule mngurumo wa chini tunaouita sailensa, linatetemeka mpaka vioo vinagongana, kisha linazima. Mzee alikuwa likizo. Mafundi wakabadilisha plagi, wakafungua kifuniko cha kabureta wakasafisha ndani, na kila zamu ikapandisha skrubu ya sailensa kidogo, hadi lori likawa linanguruma kama linagombana na mtu. Meneja wa kampuni akasema lisipopona kabla ya wiki kuisha, litauzwa chuma chakavu. Dereva wake, baba wa watoto wanne, hakuwa na gari jingine la kupangiwa. Alikuja kwangu stoo kuulizia kipuri ambacho hata jina lake hakulijua, ili mradi kiwepo.

Mzee aliporudi, alisikiliza. Akaishusha ile skrubu mpaka mtetemo ukarudi wote, maana alitaka ugonjwa ujionyeshe. Akachukua chupa ya maji yenye kitundu kwenye kifuniko, akawa anadondosha kwenye maungio, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye kitako cha kabureta, injini ikatulia kama mtoto aliyepata titi. Maji yalipokwisha kunyonywa, ikaanza kulia tena. Hewa ilikuwa inaingia kwa wizi hapo hapo. Na nati za hapo, zote, zilikuwa na tone la njano.

Karakana nzima ikatazama chini. Tulikuwa tumetafuta kila mahali isipokuwa chini ya rangi yake. Dereva peke yake ndiye aliyethubutu: "Mzee, leo umejikamata mwenyewe."

Mzee akacheka, akazifungua. Kitako kilikuwa kimepinda, na gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, aliyoiweka yeye mwenyewe, imechanika upande mmoja. Akatandaza msasa juu ya kioo, akakisugua kitako mpaka kikanyooka, akaweka gasketi mpya. Kisha akatugeukia: "Rangi yangu si kufuli. Injini ikilia, fungueni."

Jioni ile dereva aliweka kikombe cha chai juu ya boneti, injini ikinguruma, na chai haikumwagika. Lori linabeba mikate hadi leo.

Sisi wa stoo tuna letu la ziada. Siku niliyokuja kazini na mwanangu mchanga, akiwa amelala kwenye boksi la vichujio, Mzee hakuwasha gari lililokuwa mlangoni. Aliwaita wenzake wakalisukume mpaka nje.

Juzi lori la mikate lilikuja kwa matengenezo ya kawaida. Fundi mwenzetu, dada aliyeajiriwa mwaka huu, akafika kwenye nati za njano, akasita, akamtazama Mzee. Mzee akamshikia tochi. Dada akazifungua, akakagua, akazikaza, akadondosha rangi yake, bluu.

Asante sana, Mzee wetu. Tunakuombea afya, na asubuhi za kulala mpaka utosheke. Lori la mikate likisimama mlangoni kwako, usitoke na chupa ya maji. Sikia kwanza, baba. Utakuta limetulia.