Ephantus Kibe na Gari Lililovikwa Kitambaa Cheusi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2008, Bwana Ephantus Kibe anastaafu baada ya kuitumikia Ukingo Motors kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu tulimkuta hapa, na hatujui gereji hii inakuwaje yeye asipokuwepo.

Aliajiriwa mwaka 1977, kijana wa Riruta mwenye umri wa miaka ishirini na minne, kazi yake kuosha magari katika chumba chetu cha maonyesho pale katikati ya jiji. Mwaka uliofuata msimamizi alimkuta amelala chali chini ya gari ambalo alipaswa kuwa akilisugua paa. Badala ya kumfukuza, alimpeleka kwenye gereji yetu ya Barabara ya Ngong akajifunze ufundi. Akawa fundi wa injini, kisha fundi mkuu, na tangu 1990 amekuwa mkuu wa majaribio ya barabarani. Ndiye mtu wa mwisho kuliendesha gari la mteja kabla mteja hajakabidhiwa funguo.

Mzee Kibe huimba sauti nzito ya besi katika kwaya ya kanisa lake, na ndani ya gari pia. Akirudi langoni huku anaimba, tulijua gari liko sawa. Akirudi kimya, fundi aliyelishughulikia alianza kutafuta spana zake bila kuambiwa.

Lakini jambo ambalo wengi watamkumbukia ni Vestmar 900.

Mwishoni mwa 2002, watengenezaji wa magari ya Vestmar tunayouza, kule Ulaya, walikuwa wakiunda gari jipya, kubwa na la kifahari kuliko yote waliyowahi kuunda. Walitaka lijaribiwe mahali penye hewa nyepesi, joto kali, vumbi na mashimo, yote yapatikane katika mwendo wa siku moja. Nairobi ilikuwa navyo vyote. Wakatuma magari mawili ya majaribio pamoja na mhandisi wao, Bwana Henrik, na kampuni ikamteua Mzee Kibe kuwa dereva. Mutiso, fundi wetu wa umeme, alipewa kiti cha kando yake, asome vipimo.

Magari hayo yalivikwa kitambaa cheusi kuanzia boneti hadi buti ili umbo lake lisijulikane. Pale Dagoretti Corner askari wa trafiki alilisimamisha moja. "Hii ni gari ama ni maiti mmefunika?" akauliza.

"Afande, hii bado haijazaliwa," Mzee Kibe akamjibu.

Askari alilizunguka gari mara mbili, akacheka, akawaruhusu waende. "Ikizaliwa mniite," alisema.

Fahari ya gari hilo ilikuwa jinsi lilivyotulia barabarani. Badala ya springi za chuma lilikaa juu ya mifuko minne ya hewa, mmoja kwa kila gurudumu. Pampu iliyofungwa chini, karibu na ekseli ya nyuma, iliijaza au kuipunguza hewa kulingana na barabara. Likiwa kwenye lami nzuri, gari lilijishusha. Likikuta mashimo, lilijiinua. Mutiso anasema siku ya kwanza walipita Barabara ya Naivasha, yenye mashimo tunayoyajua sote, na kikombe chake cha chai hakikumwagika.

Mwezi Februari 2003 walikuwa wakiteremka kutoka Kikuyu kuelekea Mai Mahiu. Walikuwa wametoka kwenye barabara za marram, zile za udongo mwekundu, na gari lilikuwa limejaa vumbi. Kwenye kona moja ya kushoto, pembe ya nyuma ya gari ilianguka ghafla kana kwamba gurudumu limeng'oka. Gari likayumba na kuingia upande wa lori lililokuwa linapanda. Upande mmoja kulikuwa na lori, na nyuma ya lori bonde. Mzee Kibe akazungusha usukani na kuligongesha gari kwenye ukuta wa mlima. Lilisuguana na mawe hadi likasimama. Lori lilipita bila kuguswa. Mutiso alivunjika mfupa wa bega. Mzee Kibe alitoka na michubuko tu.

Vifaa vya kurekodi mwendo viliharibika katika ajali hiyo, kwa hiyo lilibaki neno la dereva na Mutiso tu. Ripoti ya kwanza iliyotoka makao makuu ya Vestmar ilisema dereva aliingia kwenye kona kwa kasi kupita kiasi. Ilipendekeza aondolewe, majaribio yahamishiwe nchi nyingine, na muundo wa gari ubaki ulivyo.

Baada ya wiki moja nyumbani Mzee Kibe alirudi kazini. Hakulalamika. Aliombwa alitoe nje gari dogo la mteja lililokuwa limezuia njia. Akaingia, akaweka ufunguo, akakaa. Tulimwona kupitia kioo amekaa vile vile, mikono juu ya usukani. Hatimaye alitoka, akasema mgongo unamuuma. Kuanzia siku hiyo alikuja kazini kwa miguu kutoka Riruta, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba daktari amemshauri afanye mazoezi.

Aliyemshinda ni mkewe, Mama Kui. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na Mzee ameturuhusu tuandike.

"Baba Kui, mgongo haukuumi," alimwambia. "Unaogopa."

"Naogopa," Mzee akasema.

"Basi waambie hivyo. Kuogopa si kuiba."

Asubuhi iliyofuata aliomba kuonana na meneja na Bwana Henrik. Mwandishi wa makala haya alikuwepo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mradi. Mzee Kibe hakukaa. "Mwendo haukuwa mkali," alisema. "Gari ilianguka nyuma kabla sijafanya kitu. Na tena niwaambie, siku hizi nikishika usukani natetemeka. Hayo mawili yote ni kweli. Msichukue la pili mkatupa la kwanza."

Bwana Henrik alimtazama, kisha akasema kwamba ikiwa chanzo ni vumbi, gari la pili nalo litaanguka. Alipendekeza walilishe vumbi, halafu walijaribu katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako hakuna lori wala bonde. Alijitolea kuliendesha yeye. Mzee Kibe akakataa. Alisema yeye ndiye anayejua gari hilo hukaaje dakika ile kabla ya kuanguka. Moyoni, kama alivyokiri baadaye, alijua pia kwamba akimwachia mwingine usukani siku hiyo, hangeushika tena.

Kwa siku kadhaa Henrik alilizungusha gari la pili kwenye marram za Ngong hadi kitambaa cheusi kikawa chekundu. Siku ya jaribio, Mutiso alifika uwanjani mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Hakuwa ameitwa. Alifungua mlango wa mbele akaingia.

"Wewe shuka, kijana," Mzee Kibe akamwambia. "Mfupa haujashika."

"Mzee, mimi nakaa kiti yangu," Mutiso akajibu, akafunga mkanda kwa mkono mmoja.

Henrik akakaa nyuma. Sisi wengine tulisimama kando, kwenye nyasi. Gari lilianza polepole mno. Wakazunguka, wakazunguka, kila mara kasi ikiongezwa kidogo. Hakuna kilichotokea. Henrik akamgusa bega akamwambia inatosha, warudi, lakini Mzee Kibe akaomba mzunguko mwingine. Akauzunguka. Akaomba mwingine tena. Pale kando tulianza kutazamana. Kama gari lisingeanguka, basi ripoti ile ingekuwa kweli, na yeye angestaafu siku hiyo akiwa na jina la dereva mzembe.

Alipokata kushoto, pembe ya nyuma ikaanguka.

Gari lilizunguka, vumbi likapanda, hatukuona kitu. Vumbi lilipotulia lilikuwa limesimama salama, limeinamia upande mmoja kama mtu aliyeteguka mguu. Sauti ya Mutiso ndiyo tuliyoisikia kwanza: "Si wewe, Mzee! Umeona? Si wewe!" Mzee Kibe alilaza paji la uso juu ya usukani na kulia. Henrik alishuka, akaingia uvunguni na shati lake jeupe, na alipotoka alikuwa na kipande cha valvu ya mfuko wa hewa kilichokwama kwa vumbi laini kama unga.

Makao makuu yaliifuta ripoti ya kwanza na kuandika nyingine, na barua ya kuomba radhi ikaja kwa jina lake. La maana zaidi ni kwamba gari lilibadilishwa. Pampu ilihamishiwa ndani, chini ya buti. Valvu zilifunikwa, na kichujio cha hewa kikaongezwa ukubwa. Ukawekwa pia mfumo unaolizuia gari lisishuke upande mmoja likiwa mwendoni. Kila Vestmar 900 iliyotoka kiwandani tangu wakati huo, popote inakokwenda, ina mabadiliko hayo.

Lilizinduliwa katika chumba chetu cha maonyesho mwaka 2005, safari hii bila kitambaa. Wateja walipenda milango inayojivuta yenyewe ikisalia wazi kidogo, viti vya ngozi vinavyopoa na kukanda mgongo, vifuta kioo vinavyoanza kazi vyenyewe mvua ikinyesha, na vioo vya tabaka mbili vinavyoacha kelele za jiji nje. Vioo hivyo vilituletea kesi moja. Mama mmoja mteja wetu wa Parklands alipiga simu akilalamika kwamba gari lake haliwaki. Mzee Kibe alikwenda, akamkuta amekaa ndani akibonyeza kitufe, anaghadhibika. Gari lilikuwa linawaka vizuri. Kwa vile hakusikia injini, kila likiwaka alibonyeza tena na kulizima. Mzee alimshauri atazame sindano ya mwendo wa injini kwenye dashibodi. Mama huyo hadi leo hakubali mtu mwingine aguse gari lake.

Tusidanganyane kwamba hofu iliisha pale uwanjani. Alianza upya na magari madogo, ndani ya ua wa gereji, kisha Barabara ya Ngong saa za asubuhi kabla ya msongamano. Mteremko wa Mai Mahiu aliurudia mwisho wa 2003, Mutiso kando yake. Tangu hapo, dereva yeyote wetu aliyepata ajali amepelekwa kwanza kwake. Hakuwapa hotuba. Aliwauliza tu wanalala vipi, kisha akawachukua wakazunguke ua pamoja.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpandisha mkewe gari la kampuni, kwa kuwa kanuni hazikuruhusu. Jumanne iliyopita meneja alimpa funguo za Vestmar 900 na kumwambia asirudi kabla ya chakula cha mchana. Alimchukua Mama Kui nyumbani, wakateremka hadi Mai Mahiu, wakanywa chai, wakapanda tena. Waliporudi tulimuuliza Mama Kui gari limekuwaje. "Nzuri," alisema. "Lakini sikuwa naangalia gari. Nilikuwa naangalia mikono yake." Akatuonyesha jinsi ilivyokuwa, imetulia.

Mzee Kibe, asante kwa kazi, na asante kwa siku ile uliposema ukweli wa mambo yote mawili mbele ya wakubwa. Sasa ng'ombe unaowafuga kule Kikuyu watapata mwangalizi wa kudumu, na kwaya itakupata mazoezini kwa wakati. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi pamoja na Mama Kui. Mlango wa gereji uko wazi. Ingia bila kubisha.

Millicent Naliaka
Idara ya Huduma kwa Wateja