Mbegu ya Mama Yake Alute

Benchi letu liko Mungaa, Singida, ubavuni mwa mashine ya kukamua alizeti, pale Emiliana anapouza kahawa. Asubuhi ile mzee Alute alikuja na kiroba begani. Kampuni moja ya ng'ambo inajenga kituo cha utafiti wa alizeti nje kidogo ya kijiji, nao wamemwomba mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake: nyeusi, ndogo, inayozaa hata mvua ikikatika mapema. Alikuwa amekubali. Akakaa kwanza anywe kahawa, na Philipo, tunayemwita Satelaiti, akaanza.

— Mzee, hawa wana maabara kwao, lami mpaka mlangoni. Wanafuata nini vumbi letu?

— Utafiti, akasema Alute.

— Utafiti! Hata Sekenke walianza na utafiti, wakaondoka na dhahabu. Chini ya alizeti kuna kitu.

Deo, fundi baiskeli, jina la kijiweni Jaji kwa kuwa kila ubishi huumaliza yeye, akatikisa kichwa.

— Dhahabu wapi! Kwao jua limepungua. Wanakuja kulifungasha la kwetu. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Sisi tuna jua, wao wana kivuli.

— Jua linafungashwaje, Jaji? akauliza Satelaiti.

— Ndani ya alizeti! Kwani siku nzima inaangalia wapi?

Emiliana akacheka mpaka akamwaga kahawa. Alute hakucheka.

— Wameniambia itazaa maradufu. Wajukuu zangu watapanda.

Mara akafika Aneth, mtaalamu mpya wa kituo, amekuja kukipokea kiroba.

— Shikamoo mzee. Shikamooni.

— Marahaba.

Jaji akamuuliza palepale: kwa nini huku?

— Tunataka kuuza mbegu huku, akasema Aneth. Zile za ng'ambo zikifika hapa zinakauka. Huwezi kuutengeneza ukame wa Singida ndani ya chumba. Na mbegu zilizouzoea ziko kwenu, kama hii ya mzee.

— Ndiyo hivyo tu? Satelaiti akauliza, amenywea.

Aneth akakinyanyua kiroba, akasita.

— Mzee, hii ndiyo yote? Nyumbani umebakiza?

— Kwani hamtanirudishia?

Aneth akakirudisha kiroba chini, mbele ya mzee. Tukamgeukia Jaji. Jaji akawa anakwangua grisi kwenye kucha.

Alute akamwomba Emiliana sufuria. Akakifungua kiroba, akachota taratibu kwa viganja mpaka sufuria ikafurika. Kilichobaki akamsogezea Aneth.

— Anzeni na hizo, mwanangu.

Akaikumbatia sufuria, akashika njia ya kwake. Kahawa hakuimaliza.