Kwa Mama Eunice Hakupigwi Hodi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Elija, mtoto wa mdogo wake, nawasomea maisha ya mama yetu mkubwa, Eunice Muskego, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika kambi ya baba yake ya kutega wanyama, huku kwetu Wakrii, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Manitoba, Kanada.

Septemba 1955 polisi waligonga mlango wakamchukua kwa nguvu kwenda shule ya bweni ya serikali, ambako Kikrii kilikatazwa, na aliporudi mwaka 1964 mama yake alimsemesha Kikrii, naye akabaki kumtazama tu. Alifanya kazi ya upishi katika zahanati yetu, mwaka 1969 akafunga ndoa na marehemu Isaac, wakajaliwa binti mmoja, Delphine, ambaye mwaka 1974 maofisa wa ustawi wa jamii, nao waligonga mlango, walimchukua akalelewe na Wazungu, na hadi leo hajaonekana.

Kwetu jirani hapigi hodi, huingia tu akajimiminia chai, kwa hiyo mlango ukigongwa mama alizima redio na kunyamaza. Isaac alipofariki mwaka 2003, upweke, jamani, ulimla.

Kila Septemba shule ya mjini, ng'ambo ya mto, ilimwalika asimulie ya shule ya bweni, watoto wa Kizungu wamevaa fulana za rangi ya chungwa za kuwakumbuka waliochukuliwa, wakampigia makofi, kisha kimya mwaka mzima. Septemba iliyopita aliwaambia, "Mimi sili makofi, njooni kwangu siku yoyote." Oktoba wakaja, wakagonga kwa adabu kama walivyofunzwa kwao, naye akajificha jikoni. Walipomkuta dukani wakasema, "Bibi, tulikuja, hukuwepo," naye akalia palepale. "Nilikuwepo, wajukuu zangu. Mlinigongea kama polisi. Siku nyingine ingieni tu."

Desemba mapafu yalimzidia, akapelekwa hospitali ya Winnipeg kwa ndege. Tarehe 10 Januari 2024 niliwakuta watoto saba nyumbani kwake, wamewasha jiko, wanamsubiri. Nikampigia simu, akauliza, "Waligonga?" Nikamwambia hapana. "Basi wape chai," akasema, na alfajiri ya kesho yake akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wapishi wenzake wa zahanati. Marehemu ameacha binti mmoja, tusiyejua aliko, na wajukuu saba wa ng'ambo ya mto, walioketi hapa mbele na sisi wafiwa.

Mama, pumzika sasa kwa amani, watu wamekuja.