Ndugu Yeremia Msengi na Ubao wa Langoni

Kosa ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba bei ya haki ni bei moja, kwa watu wote na kwa siku zote. Ndugu Yeremia Msengi, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni 1974, baada ya miaka ishirini na mitano katika Klabu ya Gofu ya Mteremkoni, Sekenke, ndiye aliyetutoa katika kosa hilo. Ndiyo maana tuna uwanja wa kumuagia.

Alizaliwa Ulemo, akasoma shule ya misheni, akaajiriwa wakati mgodi wa dhahabu ungali ukifanya kazi. Kwanza alitunza uwanja. Baada ya Uhuru akawa karani. Wageni huuliza majani ya kuzunguka mashimo yako wapi. Inafaa waelezwe: kwetu maji ni ya kunywa, kwa hiyo kila shimo limezungukwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya malori, na mpira unaviringika vizuri tu.

Enzi za mgodi Wazungu walicheza, sisi tukabeba mifuko yao. Uhuru ulipokuja, kamati ilitaka kufuta ubaguzi huo kabisa, ikaweka ada moja: mwalimu, mganga, dereva, mgeni, iwe Februari au Septemba. Nia ilikuwa njema. Lakini mwalimu aliyefika saa kumi na moja jioni alilipia mashimo tisa, akacheza machache, jua likazama. Wakati wa kiangazi watu walicheza katika vumbi kwa bei ya uwanja wa kijani. Polepole wakaacha kuja. Mwaka 1969 kijiji kikauliza, tena kwa haki, kwa nini ardhi hiyo isilimwe mahindi ya ujamaa.

Hapo Ndugu Yeremia akaomba ada ifuate kile ambacho mtu anapewa siku hiyo. Mwenyekiti wetu, Mzee Nathanaeli, alimtania mbele ya kamati: "Yeremia, sasa utauza gofu kama nyanya za sokoni Iguguno?"

"Ndiyo, mzee," akajibu. "Nyanya za jioni nani atakupa bei ya asubuhi?"

Kamati ikacheka, ikampa msimu mmoja ajaribu.

Tangu hapo, kila asubuhi alitembea uwanja wote kwanza, kisha akaandika ada kwa chaki kwenye ubao wa langoni. Mvua ikiwa njema, ada ilipanda. Vumbi likizidi, ilishuka. Waliochelewa walilipa nusu. Aliyekuja na jembe kufukia mashimo yaliyochimbwa usiku na muhanga alicheza bure. Mzee Philipo, mfugaji, hakulipa kamwe, kwa sababu mifugo yake ndiyo iliyofupisha majani. Afisa mmoja kutoka mjini alipolalamika, mzee akamwambia, "Mwanangu, ng'ombe wangu ndio wafyekaji hapa. Wewe umekuja na nini?" Afisa alilipa, na jioni ile akashindwa vibaya na mzee huyohuyo.

Walimu walirudi, madereva wakarudi. Hata hivyo kijiji kilihitaji chakula, na mkutano ukaamua: sehemu ya bondeni, yenye mashimo matatu, ilimwe, sita yabaki, mradi tu yatumike. Yasipotumika, nayo yatalimwa. Wengi tuliogopa kwamba wachezaji watatukimbia. Kesho yake Ndugu Yeremia, bila kusubiri kuambiwa, alifuta ubao na kupunguza ada kwa theluthi. Watu wakaona, wakabaki. Hata waliolima bondeni wakaanza kuja uwanjani Jumamosi wakiwa na fimbo walizochonga wenyewe, na jembe begani kwa ajili ya muhanga. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kulima yale sita.

Ndugu Yeremia, tunakushukuru wewe na Mama Anastasia, aliyevumilia viatu vyenye oili sebuleni kwa miaka yote hii. Mfike Ulemo salama, mvune vizuri, muwe na afya na wajukuu wengi wa kuwasumbua. Siku ukirudi kucheza, pita tu langoni.

Kazi sasa ni yako, dada Felista, karani wetu mpya. Ubao umefutwa na chaki iko dirishani. Leo, kabla hujaandika chochote, tembea uwanja mzima.