Shairi la Ngoro Tulilomkatalia Luisa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Shehe wetu, wazee wangu shikamooni, ndugu washairi na wageni waalikwa: nimechoka, na naomba mnipokee hivyo hivyo.

Mmesema mengi mazuri juu ya Sekela huyu wa Kyela, aliyeletwa hapa Mbinga kikazi akakaa miaka ishirini na mbili akisimamia shindano la mashairi. Mmesema nimelinda utamaduni. Jamani, niliulinda dhidi ya nani?

Wapo wanaomkumbuka Luisa, mkulima wa Litumbandyosi. Alileta shairi la beti nane juu ya ngoro, yale mashimo wanayolimia Wamatengo mlimani ili mvua isibebe udongo. Mzee Urbani, jaji mwenzangu, alilisoma akavua miwani, akasema, "Hili ndilo la kwanza." Kisha tukaangalia fomu, kwenye mstari wa kabila: Mnyasa, mtu wa ziwani. Basi, maneno yakageuka.

"Mnyasa na ngoro wapi na wapi?" akasema Urbani. "Aandike usipa, dagaa wa kwao ziwani." Nikacheka, nikalipiga mstari mwekundu.

Mwaka uliofuata Luisa akaleta shairi la usipa. Tukampa ushindi, na vigelegele tukapiga. Alipopokea cheti aliniinamia sikioni. "Mama, mimi nimezaliwa hukuhuku. Ziwa nimeliona mara mbili tu. Nimewaandikia mlichotaka." Hakushiriki tena.

Nauliza, tumewafundisha wangapi hivyo? Mmatengo aandike kahawa, Mngoni aandike vita, na sisi wa kuja tuandike shukrani, halafu tunasema huko ndiko kuenzi mila. Fomu ya mwaka huu, mnayotaka niizindue leo, bado ina mstari ule ule wa kabila. Mnisamehe, sitaizindua.

Juzi nilikwenda kwa Luisa kuomba radhi. Alinikaribisha ugali, akasema, "Yameisha, mama." Nikamwomba lile shairi la ngoro nije nilisome mbele yenu. Akaniambia nakala ilikuwa moja, na aliileta kwetu.

Nami najua ilikokwenda. Karatasi za walioshindwa tulikuwa tukiwashia jiko la chai ofisini.

Tangu juzi najitahidi kulikumbuka. Nimepata ubeti mmoja, nao haujakamilika.

Asanteni, ndugu zangu, kwa kunivumilia mpaka hapa.